Vibao vya dhahabu vilivyonitia aibu Kigamboni

Juzi kijana mmoja anayeanza na mashine ndogo ya leza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata kazi ya vibao vya hoteli ya ufukweni, mteja anataka dhahabu. Ile plastiki ya dhahabu inahimili jua?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nami niliwahi kupata kazi hiyohiyo Kigamboni: vibao 36, namba za vyumba na mishale ya kuelekeza bwawa. Nilitumia plastiki ya tabaka mbili, juu dhahabu, chini nyeusi. Leza inaunguza dhahabu, herufi nyeusi zinajitokeza. Vilipendeza mno, sijivuni. Meneja aliniita "Injinia" mbele ya wafanyakazi wake, nami usiku ule nikajaza picha kwenye statasi.

Miezi saba baadaye meneja akanitumia picha za vibao hivyo. Dhahabu imefanya madoa pembeni na inabanduka kama ngozi iliyoungua. Vibao vinavyotazama magharibi, vinavyopigwa na jua la alasiri, vimepinda. Nilivirudia vyote kwa hela ya ada ya mtoto. Muuzaji wangu akanijibu, "Mimi nilikuuzia plastiki, sikukuuzia jua." Neno hilo halijanitoka hadi leo.

Ndipo nikaanza kusoma. Ile dhahabu si dhahabu wala shaba. Ni utando mwembamba kuliko karatasi, na mng'ao wake ni alumini iliyopakwa rangi ya njano. Hewa ya chumvi huingilia kwenye kingo, na kila herufi uliyochonga ni ukingo mpya. Tena plastiki yangu ilikuwa ya ABS, ambayo ndani ina mpira. Mionzi ya jua huuvunjavunja, kibao kikawa dhaifu na chepesi kukatika. Akriliki, plastiki ngumu inayofanana na kioo, huvumilia jua miaka mingi.

Kwa hiyo mdogo wangu, soma karatasi ya kiwandani, ile inayoeleza plastiki ni ya matumizi gani, kabla ya kulipa. Ikisema ni ya ndani ya jengo, ni ya ndani, hata muuzaji aape. Kwa nje tafuta akriliki angavu inayochongwa kwa nyuma, rangi ya metali ikae mgongoni, ili jua na mvua vikutane na akriliki kwanza. Tundu la skrubu liwe pana kuliko skrubu yenyewe: akriliki ya mita 1, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka karibu milimita 2, na ukiibana itapasuka. Wahudumu wasifute kwa spiriti, maana akriliki iliyokatwa kwa leza hufanya nyufa nyembamba; sabuni ya maji inatosha. Mteja aking'ang'ania metali halisi, mpe chuma cha pua cha daraja la 316, kinachohimili zaidi hewa ya chumvi, umwambie bei bila aibu. Na usome karatasi ya kiwandani. Nimeshasema, lakini najua hamsomi. Vijana mnakimbilia picha ya statasi, mteja akilalamika mnazima simu. Mimi sikuzima.

Hata hivyo, jengo lao jipya wamempa fundi mwingine. Jumapili nilivuka kwa pantoni, nikajifanya nakunywa soda pale baa. Plastiki ya dhahabu ileile, skrubu zimekazwa hadi mwisho. Namba ya chumba cha kwanza imeshaanza kubanduka pembeni.