Mkeka mmoja, kodi mbili

Juzi kijana mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, ameniandikia: "Kaka, nimetoa shilingi 48,000 kwenye akaunti ya kubeti, wamenikata kodi ya 2,400. Mwezi wa sita nikijaza ritani ya kodi ya mapato, niziandike tena?" Nilicheka peke yangu ndani ya matatu ya Bamburi, halafu kicheko kikanikauka. Swali hilihili mimi lilininyima usingizi wiki nzima.

Novemba 2024 mkeka wangu, yaani beti moja ya timu kumi na moja, ulitiki. Skrini iliandika 186,200. Mimi karani wa klaringi, mshahara wangu 58,000 kabla ya makato, na pesa ya namna hiyo sikuwahi kuiona imekaa pamoja. Kabla haijaingia kwenye simu nilikwisha igawa: mabati ya nyumba ya mama, karo, na 60,000 za ndugu yangu za kuanzia tuktuk. Nilimpigia usiku uleule. Kosa la kwanza, na ndilo kubwa.

Zikaingia 149,000. Nikadhani nimeibiwa. Nilikuwa nimebeti miaka mitatu na sikuwahi kuuliza kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla pesa hazijakufikia, ni nini, kwa sababu vijishindi vya 800 na 1,200 mtu havipigii hesabu. Wakati huo sheria ilikata 20% ya ushindi, dau likiwekwa kando. Dau langu lilikuwa 200, basi ushindi ni 186,000, na 20% yake ni 37,200. Hesabu imesimama sawasawa. Ndugu yangu nilimpa 25,000 na maelezo. Pesa alipokea, maelezo hakuyapokea. Mpaka leo akinitumia ujumbe huniita "Mheshimiwa", na mimi najua maana yake.

Mama naye alikataa mabati. "Pesa ya kamari haitanifunika mimi kichwa, mwanangu." Sikuwa na jibu, na sina mpaka sasa.

Ikafika Juni 2025, ritani zinafungwa tarehe 30. Kila mwaka najaza ritani kwa fomu ya P9, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi niliyokatwa, deni linatoka sufuri, nakwenda zangu. Mwaka huo rafiki akanitia hofu: ukificha ushindi, KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, watakuja kuuona kwenye M-Pesa. Nikaenda saiba moja, duka la intaneti, nikamlipa kijana wa pale 300, nikamwambia aandike kila kitu. Akaandika kweli. Aliziingiza 186,000 kama mapato mengine juu ya mshahara. Mshahara wangu tayari umefika ngazi ya 30%, ile inayoanzia juu ya 32,333 kwa mwezi, kwa hiyo iTax, mtandao wa KRA wa kujazia ritani, ikanidai 55,800. Jumlisha na 37,200 zilizokwisha katwa: 93,000. Nusu kamili ya ushindi! Kijana akanitazama kwa huruma akaniambia, "Serikali hii, ami." Wala hakunirudishia 300 zangu.

Nilikaa na deni hilo siku nane, nikisoma habari za adhabu ya 5% na riba ya 1% kila mwezi. Siku ya tisa niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa watu wa ushuru wenyewe. Afisa, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisoma ritani yangu chini ya dakika moja. "Hii ni kodi ya mwisho, baba. Ukishakatwa kwenye ushindi, imekwisha. Haiji tena kwenye mapato ya mwaka." Tukajaza ritani ya marekebisho, na baada ya muda deni likafutika. Siku nane zile nimekonda bure.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Likoni, sheria iliyokukata wewe si ile yangu. Tangu Julai 2025 ile 20% ya ushindi imeondoka. Sasa unakatwa 5% ya pesa unazotoa kwenye akaunti, na 5% nyingine ya ushuru wa bidhaa unapoweka. 48,000 zako zimekatwa 2,400, umebaki na 45,600, ni sawa. Watu wanashangilia kwamba kodi imeshuka, na kwa mshindi mkubwa imeshuka kweli. Lakini itazame vizuri: weka 1,000, zinabaki 950. Usibeti hata senti, zitoe, unapata 902.50. Zamani kodi ya zuio ilimngoja mshindi. Hii ya sasa inamngoja mlangoni yeyote anayetoka. Binamu yangu aliyeko London ananicheka, maana Uingereza mshindi wa kamari halipi kodi ya mapato hata kidogo. Nikamwambia asubiri bili ya nyumba, tutacheka pamoja.

Ushauri wangu basi. Usiahidi mtu pesa ya kwenye skrini. Hifadhi ujumbe wa makato na taarifa ya M-Pesa. Kijana wa saiba usimwambie "andika kila kitu". Kaa kwenye kile kiti mwenyewe. Na tena nasema, usiahidi mtu pesa ya kwenye skrini.

Uliniuliza pia kama hasara zako za mwaka zinaweza kupunguza hiyo kodi. Hapana. Mikeka iliyochanika ni yako peke yako, serikali haiitambui. Wengi wenu mnaonisoma mnajiona mko karibu na mkeka mkubwa, nami nilikuwa hivyohivyo, basi fanyeni nilichofanya mimi jioni ile niliyotoka kwa yule mama wa miwani: vuteni taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, mjumlishe mlichotuma kwenye kubeti. Mimi kuanzia Januari hadi Novemba 2024 nilikuwa nimetuma 91,400. Ziondoe kwenye 149,000, zinabaki 57,600, chini ya mshahara wangu wa mwezi mmoja, na ndugu yangu hanisemeshi vizuri.

Mke wangu hesabu hiyo hajaiona. Makala zangu huwa hasomi.