Kumtambua nge kwa magando na mkia: kwa mnaoanza kazi ya porini

Wenzangu mnaoanza mafunzo ya kuongoza watalii hapa Arusha, najua mmejiandaa kwa simba na tembo, lakini mgeni akiomba kutembea usiku kwenye nyanda kavu za migunga, mnyama wa kumchunga kwa makini chini ya miguu yake ni nge.

Nilipoanza kazi hii nilimpima nge kwa ukubwa. Yule mkubwa wa Tanzania, Pandinoides cavimanus, aliyeelezwa kisayansi na Mwingereza Pocock mwaka 1888, ana mwili mweusi na magando mapana mekundu, nami nilimwogopa mno. Kumbe ni mdogo wa rangi ya majani makavu, niliyempuuza chini ya jiwe, aliyenichoma kidole nikakesha kwa maumivu. Tangu hapo hutazama kwanza magando na mkia. Mwenye magando manene na mkia mwembamba huponda mawindo kwa nguvu, hivyo hategemei sana sumu. Mwenye magando membamba na mkia mnene huitegemea, na karibu nge wote wanaoweza kuua binadamu wamo katika familia moja ya namna hiyo, Buthidae. Hata hivyo kipimo hiki kina kasoro zake, kwa hiyo hata huyo wa magando mekundu msimshike kwa mkono.

Nunueni tochi ya mwanga wa urujuanimno. Gamba la nge likimulikwa nayo hung'aa kijani chenye ubuluu, hata likiwa gamba tupu lililovuliwa. Lakini aliyejivua gamba punde hang'ai mpaka mwili wake ukakamae, na ndiyo maana mimi sikai chini kwa kuwa tu tochi haikuonyesha kitu.

Mkimkuta jike mwenye watoto weupe mgongoni, rudini nyuma taratibu. Nge hatagi mayai, huzaa watoto hai, nao hubebwa hivyo mpaka wajivue gamba mara ya kwanza.

Aliyechomwa kidole avuliwe pete, jeraha lisikatwe wala kunyonywa, na akiwa mtoto apelekwe hospitali bila kungoja dalili.

Mkifunua jiwe, inueni ukingo wa mbali kwa fimbo au kwa mkono wenye glavu, mkilivuta kuelekea kwenu ili liwakinge, kisha mlirudishe lilivyokuwa, kwa sababu nge aliyejificha hapo mchana anahitaji kivuli na unyevu wake.