Pasi yako isivuke mpaka bila wewe: jibu kwa kijana wa Uyole anayekwenda Sauzi

Dogo, huyo dereva wa kugongesha pasi usimtumie hata mia. Kama umeshamtumia, hiyo imeliwa, isamehe. Pasi ndiyo usimpe.

Kwa mnaoingia uzi sasa hivi: mwenzetu wa Uyole anaondoka Ijumaa kwenda Johannesburg kwa kaka yake, na anataka kukaa mwaka mzima. Ameuliza njia ipi ya basi ni nafuu kutoka Mbeya, abebe randi ngapi, kadi ya njano (ile ya chanjo ya homa ya manjano) inatakiwa au la. Halafu mwishoni, kwa kupitia tu, anasema kaka yake amemhakikishia kwamba siku 90 za matembezi zikiisha "unampa dereva pasi na randi 1,500, inaenda kugongwa mpakani, inarudi na siku 90 mpya, wewe umelala kwako." Waliotangulia kuchangia wote wamejibu habari ya basi. Basi! Mtu anaenda kujizika, mnamwelekeza stendi.

Mimi nilimpa dereva. Ingawa hakuwa dereva, alikuwa kishoka tu, dalali asiye rasmi, tena mtu wa huku kwetu, akipokea bahasha anakwambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na moyo wako unatulia kabisa. Nilikuwa Johannesburg kwa dada. (Kama kuna afisa anasoma hapa: nilikuwa namtembelea dada. Nampenda sana dada yangu, ndiyo maana nilikaa muda mrefu.) Pasi ikaondoka, baada ya siku chache ikarudi na mihuri miwili imenyooka, mmoja wa kutoka, mmoja wa kuingia. Nikalala usingizi mnono. Siku zikaisha tena, nikampa tena. Nyumba nzima ile tulikuwa tunafanya hivyo na hakuna aliyewahi kukamatwa. Sababu yake nilikuja kuijua baadaye: hakuna aliyekuwa amejaribu kutoka.

Wa kwanza kujaribu nikawa mimi, nikiwahi msiba wa baba mdogo Tukuyu. Dirishani yule afisa hakuhangaika kwanza na mihuri. Aliipitisha pasi kwenye mashine akaangalia kompyuta, na kompyuta ikamwambia niliingia siku ile ya kwanza kabisa, na tangu hapo sijatoka. Ndipo akaanza kufungua kurasa, polepole, huku watu wa basi langu wananitolea macho. Sikiliza hapa, dogo. Mtu akitoka Sauzi kwenda Zimbabwe kwa miguu yake na kurudi, pasi yake inabeba mihuri minne: katoka Sauzi, kaingia Zimbabwe, katoka Zimbabwe, kaingia Sauzi. Yangu ilikuwa na miwili kila "safari". Akaniuliza hapo katikati nilikuwa wapi, nilikuwa naelea juu ya mto Limpopo? Akacheka peke yake. Mihuri ilikuwa ya kuchonga, na hata mimi nilipoiangalia vizuri chini ya ile taa niliona herufi hazikai sawa. Nilikuwa nimekaa nayo miezi yote hiyo sijaiona, kwa sababu sikutaka kuiona.

Sasa angalia gharama yake, maana kaka yako hajakwambia, na inawezekana hajui.

Wajomba na mashangazi waliokwenda Sauzi zamani watakwambia ukizidisha siku unalipa faini wakati wa kutoka, yanaisha. Wanasema kweli, ila ni kweli ya zamani. Kanuni zilibadilika Mei 2014. Faini ikaondoka, ikaja adhabu ya kufungiwa usiingie tena nchini kwao. Ukizidisha siku zisizopita 30, unafungiwa miezi 12. Ukirudia kosa ndani ya miezi 24, miaka 2. Ukizidisha zaidi ya siku 30, miaka 5. Hakuna cha kumwelewesha afisa kwamba ulifiwa, mezani pale hana cha kukusaidia. Anakupa karatasi, unaondoka nayo. Rufaa ipo, inaandikwa kwenda kwa Mkurugenzi Mkuu wa idara yao ya Mambo ya Ndani ndani ya siku 10 za kazi, ukieleza sababu ya maana na kuambatisha ushahidi. Siku 10 za kazi mimi nilizimalizia matangani Tukuyu na kwenye kununa.

Hayo ni ya kuzidisha siku tu. Mhuri wa kughushi ni kesi nyingine kabisa, na hapa ndipo nilipoumia. Aliyezidisha siku sheria yao inamwita mtu asiyetakiwa, na kufungiwa kwake kuna mwisho. Aliyekutwa na kibali cha kughushi anaingia kundi la waliopigwa marufuku, na hilo halina tarehe ya mwisho. Unakaa humo mpaka Mkurugenzi Mkuu mwenyewe aridhike akuondoe. Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya miaka mitano, nahesabu kama mfungwa. Miaka ikaisha, nikapiga picha za pasi nimevaa shati la harusi, nikaomba visa kwa heshima zote. Jibu likaja kwamba jina langu bado limo. Kiti changu cha saluni, mashine za kunyolea, kodi ya chumba niliyolipa mbele, vyote vilishapata wenyewe siku nyingi. (Nimesema saluni? Ya dada. Nilikuwa nafagia.)

Na usidhani linaishia Sauzi. Fomu za visa za Uingereza na Canada zinakuuliza kama umewahi kukataliwa au kufukuzwa nchi yoyote. Ukisema ndiyo, una maelezo marefu. Ukisema hapana, umeongeza uongo juu ya kughushi.

Yule kishoka? Alibadilisha laini wiki ile ile. Mwaka jana nikamkuta pale Kabwe, hapa Mbeya, amekaa kijiweni na soda yake, vijana wamemzunguka anawashauri habari za safari. Nikamdai hela yangu mbele za watu. Unajua alinijibu nini? Kwamba mihuri ilikuwa mizuri, mimi ndiye nilikosea dirisha! Kwamba ningepita dirisha la kushoto. Nilitaka kumrukia, wenye kijiwe wakanishika. Hata parachichi la Rungwe likivuka mpaka linavuka na cheti chake cha afya, mkulima analijua hilo, sisi watu wazima tunavushwa na soda ya kijiweni.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitairudia mpaka wasimamizi wa jukwaa wanifungie na wao: pasi na mwenye pasi hawaachani. Haivuki peke yake, hailali kwa dereva, haiendi "kugongwa". Ukiona iko mkononi mwa mtu mwingine na mpaka uko mbele, kuna kitu kinapikwa. Na usinijie na ule ujanja wa "nitasema imepotea nichukue mpya". Pasi mpya ina jina lile lile na tarehe ile ile ya kuzaliwa, kwa hiyo utakuwa umetoa hela yako kununua kitabu kipya cha kukataliwa.

Kama kweli unataka mwaka, hizo siku 90 si zako. Watanzania tunaingia bila visa kwa matembezi, na hesabu yake ni siku 90 kwa mwaka, kwa hiyo hata ukivuka mwenyewe kwenda Zimbabwe kunywa chai na kurudi, usitegemee 90 nyingine. Kuongezewa muda kunaombwa rasmi ukiwa huko, mapema, siku zikiwa bado zipo. Kazi au masomo visa yake inaombwa ukiwa hapa nyumbani, maana ya matembezi ukishaingia nayo, mtu wa kawaida haruhusiwi kuigeuza akiwa ndani. Na ukigongewa usiondoke dirishani kabla hujasoma tarehe. Afisa halazimiki kukupa 90 zote. Wapo waliopewa chache, wakajazia wenyewe kichwani mpaka 90.

Uliuliza nini tena? Kadi ya njano, chanja ubebe, tangu 2016 cheti chake ni cha maisha, sindano moja umemaliza. Njia ni ile ile, Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge. Basi lipi nafuu wameshakujibu hao juu. Randi sijui, inategemea kaka yako anakulaje.

Ila Tunduma pale kuwa macho. Utakuta mtu ndani ya basi anapita na kofia, "leteni pasi zote nikagongeshe kwa pamoja tuwahi." Wewe shuka na yako, panga foleni, wakikupigia honi waache wapige.

Halafu kabla ya Ijumaa mpigie kaka yako simu ya video, mwambie afungue pasi yake mkahesabu pamoja. Kila safari ya dereva, mihuri mingapi? Rudi hapa utuambie.