Kuhusu kuzima kauli za kisiasa wakati wa vurugu

Ndugu, umeuliza kama serikali ya Kenya haingefanya vyema kuzima kauli zote za kisiasa pindi ghasia zinapozuka, ukikumbusha vifo vya watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa 2007. Sikubaliani nawe. Tarehe 30 Desemba 2007 matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku, lakini siku mbili baadaye kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa watu wakiwa ndani, huku uvumi na jumbe za chuki zikisambaa kwa simu za mkononi.

Katiba ya 2010, iliyoandikwa kumbukumbu hizo zikiwa bado mbichi, inalinda uhuru wa kujieleza katika Ibara ya 33 na papo hapo inaondoa uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki katika ulinzi huo. Kwa hiyo anayewaita majirani zake madoadoa ya kuondolewa anaweza kushtakiwa, ilhali anayemlaumu Rais, hata kwa ukali unaokera (na mara nyingi hukera kweli), anatumia haki yake. Ibara ya 28 nayo inalinda utu wa kila mtu, awe mwandamanaji au askari aliyetumwa kumzuia.