Uliza Fundi: Plota yangu inakata mahali sijaituma

SWALI

Habari ya kazi Fundi. Niko Kayole, nafanya stika za matatu na za maduka, jina la sacco ubavuni, mstari wa njano, namba ya ruti, vitu kama hizo. Plota yangu, ile mashini ya kukata stika na kisu, ni ya Kichina, ya futi mbili, nilinunua mtumba na imenifanyia kazi poa mpaka hivi majuzi. Sahii nikikata jina fupi la duka inatoa safi, lakini nikiweka kazi ndefu, tuseme ubavu mzima wa gari, ikifika katikati kisu kinaacha herufi kinakimbia upande ule mwingine kikichana stika mstari mrefu, halafu kinarudi kinaendelea kama hakuna kitu imefanyika. Imeniharibia stika nyekundu yote yenye ilikuwa imebaki na mwenye gari amesimama hapo ananiangalia tu. Nimebadilisha bledi, nimebadilisha stika, wapi! Sasa kuna jamaa amekuja akasema bodi ya umeme ya ndani imeungua na bei ametaja ni karibu ninunue mashini ingine. Nilipe ama nifanye nini?
Msomaji, Kayole

JIBU

Ndugu yangu pole na hio stika, na hio pesa kaa nayo kwanza. Bodi huungua, sikatai, lakini bodi imeungua na bado inakukatia jina la duka safi kabisa? Hapo mimi nashuku huyo jamaa kuliko nashuku bodi.

Mtu akiniambia plota yake inakata vitu hajaomba, kuna maswali mawili namuuliza kabla hata sijashika bisibisi. La kwanza, huo mstari unapita pale pale kila ukirudia hio kazi ama unahamahama? La pili, umekata stika kabisa ama umeikwaruza tu juu? Ukinijibu hayo mawili nishajua shida iko kwa faili, iko njiani kati ya laptopu na plota, ama iko kwa kichwa chenyewe, pale kisu kimeshikwa. Watu wengi wanaanza na bledi juu ndio rahisi kununua, na bledi mara nyingi haina makosa.

Na usitafute majibu na stika ya pesa. Plota nyingi huja na kishikio cha kalamu kwa boksi, unene ule ule wa kishikio cha bledi. Kama chako kilipotea chukua mrija wa wino wa biro uuzungushie selotepu mpaka ukaze vizuri kwa ile klampu. Weka karatasi ya kawaida ya roli, chora kazi yote na kalamu ya bluu, rudisha karatasi na kichwa pale ulianzia (weka alama na penseli ndio usikisie), halafu badilisha uweke nyekundu na uchore tena juu ya ile ya kwanza. Sasa inama uangalie. Kama ule mstari mbaya wa nyekundu umelala juu ya ule wa bluu, plota imetii venye iliambiwa na kosa liko kwa mchoro. Kama bluu ilikimbilia kushoto na nyekundu ikakimbilia kulia, mchoro hauna neno, maagizo yanaharibika njiani. Na kama kwa karatasi kila kitu kinatoka safi lakini ukirudisha stika inachafua, kumbuka hio, nitaifikia.

Tuanze na mchoro juu ni bure kuangalia. Kwa CorelDRAW fungua View ubonyeze Wireframe, kwa Illustrator ni Ctrl na Y. Rangi zote zinatoka unabaki na mistari mitupu, na hio mistari ndio plota inaona, yenyewe haijui rangi. Hapo ndio utapata mabox meupe mteja aliwekea nyuma ya jina, maumbo hayana rangi wala mpaka kwa hivyo kwa skrini hayaonekani kabisa, na kisu kitayafuata yote. Logo ililetwa na WhatsApp ikiwa picha halafu ikageuzwa mistari na kompyuta hutoka na mistari miwili miwili inafuatana na vinukta vidogo kila mahali. Halafu kuna zile fonti za mkono zenye herufi zinashikana, kila herufi inabaki na mzunguko wake mzima, kwa hivyo mkia wa moja unakatwa ndani ya tumbo la ingine. Badilisha maandishi yawe curves, yaani mistari mitupu, chagua yote, uunganishe na Weld kwa Corel ama Unite kwa Illustrator. Ukitaka kujua haraka bonyeza Ctrl na A usome chini ya skrini Corel inakuambia umeshika vitu vingapi. Kama unaona neno moja na nyota moja na yenyewe inakuhesabia vitu arobaini, hao wengine watafute.

Lakini wewe umesema kazi fupi iko sawa na ndefu ndio inaharibika, na kisu kinachana kabisa. Mimi pesa yangu naweka kwa njia ya maagizo.

Iko hivi. Laptopu haitumi picha kwa plota. Inatuma maandishi, kwa plota nyingi ni lugha inaitwa HPGL, ilitoka kwa Hewlett-Packard enzi plota zilikuwa za kuchora ramani na kalamu. PU ni inua, PD ni teremsha, na nyuma yake namba za kwenda, na kwa hio lugha milimita moja ni hatua 40. Sasa sema laptopu imetuma kisu kiende 4000, hio ni sentimita 10 kutoka mwanzo, na njiani sufuri moja ikapotea. Plota inasoma 400, inaenda sentimita 1. Imerudi nyuma karibu yote na haijui imekosea. Na kama kilichopotea ni PU, inasafiri na kisu kikiwa chini, ndio huo mstari wako mrefu. Halafu agizo linalofuata linafika zima inarudi kwa kazi kama kawaida, vile umeeleza.

Mbona kazi ndefu? Juu plota za bei ya chini zina memori ndogo, na kisu ni pole kuliko laptopu. Memori ikijaa plota inafaa iambie laptopu ngoja kidogo. Hayo mazungumzo yakiwa hayajawashwa laptopu inaendelea kumwaga tu na yenye imekosa nafasi inapotea. Jina la duka linaingia lote kwa memori ndio maana hujaona shida. Kwa hivyo fungua Device Manager ya Windows, tafuta Ports, ingia kwa ile poti ya plota, na hapo kwa Flow control uweke Hardware. Fanya hivyo hivyo ndani ya programu yako ya kukatia. Baud nayo, ile spidi ya kutuma maagizo, lazima iwe moja pande zote mbili, isome kwa skrini ya plota yenyewe, nyingi za Kichina ziko kwa 9600, usiwekee tu namba kubwa ati iende mbio. Zima pia kulala kwa laptopu, kuna watu hupoteza kazi juu laptopu imesinzia wakienda kuchukua chai.

Kebo: tumia fupi, ichomeke moja kwa moja kwa laptopu bila zile za kugawanya poti. USB ya kawaida mwisho wake ni mita 5 na hata hizo usizifikie. Na usiilaze sambamba na waya wa stima.

Sasa ile ya karatasi safi, stika chafu. Hio mara nyingi ni umeme tuli, ule wa kuvua sweta ya nailoni. Stika ikitoka kwa roli inajichaji, na Januari na Februari hewa ya Nairobi ikikauka ndio mbaya zaidi, huo umeme unaruka kwa kichwa unaingia kwa bodi na plota inaanza kuota ndoto zake. Dawa yake ni athi, waya wa kuupeleka huo umeme ardhini. Na hapa nakuomba uangalie ekstensheni yako, juu vibanda vingi nimeingia napata plagi ya pini mbili imelazimishwa kwa soketi na kifuniko cha kalamu kimesukumwa kwa lile tundu la juu. Tundu la juu ndio athi! Tafuta fundi wa stima akuhakikishie soketi iko na athi ya ukweli, usijaribu mwenyewe, halafu afunge waya kutoka kwa chuma cha stendi ya plota mpaka kwa hio athi. Vuta stika ya kutosha kutoka kwa roli kabla uanze kukata, isivutwe na plota yenyewe. Na kama jirani yako ni wa kuchomelea mageti, jaribu kazi ile ile akiwa amezima, unaweza kushangaa.

Kichwa nimekiacha mwisho juu dalili zake si zako, lakini wengine wanasoma. Ukiona mikwaruzo myepesi kati ya herufi na herufi, kila mahali, hio ni bledi inagusa stika wakati inafaa kuwa hewani. Kishikio kimeshuka sana kwa klampu, ama stika imevimba hapo kati ya rola. Inua kichwa, chungulia ukiwa umeshusha macho sawa na stika, kati ya ncha na stika lazima uone mwanga, milimita 2 ama 3 hivi. Kama hakuna, legeza klampu upandishe kishikio. Kama iko na bado inakwaruza, springi ama ile sumaku ya kuinua imechoka, na hapo sasa ndio unaita mtu.

Ukimaliza yote hayo na bado, kata ubavu wa gari vipande vipande, sacco peke yake, ruti peke yake. Bodi tutaongea kama hata hivyo imekataa.

SWALI

Shikamoo Fundi, yangu haikimbii lakini kwa kona za herufi inaacha vipembe vidogo vinatokea nje, na duara hazifungi vizuri. Nimeambiwa nipunguze spidi, nimepunguza, haijasaidia.
Mama wa Stika, Rongai

JIBU

Marahaba Mama. Ncha ya bledi haiko katikati, imekaa kando kidogo ndio iweze kujigeuza yenyewe ikivutwa. Programu lazima iambiwe hicho kipimo, kinaitwa offset, na kwa bledi nyingi za kawaida za stika ni milimita 0.25. Ikiwa imewekwa kubwa zaidi kona zinatoa pembe, ikiwa ndogo kona zinakuwa mviringo. Yako nafikiri kuna mtu aliigusa. Ukiirekebisha na duara bado haifungi, toa bledi uangalie ndani ya kishikio, utapata nyuzi nyembamba za stika zimeizuia kuzunguka. Safisha na mswaki mkavu, tone moja la mafuta ya cherehani, basi.

SWALI

Fundi plota yangu inatoboa mpaka karatasi ya nyuma lakini pahali pamoja tu, karibu na kulia. Niongeze ama nipunguze nguvu?
Msomaji, Gikomba

JIBU

Usiguse nguvu. Pitisha kidole kwa ule mkanda mweupe chini ya kisu, upande huo wa kulia. Utasikia mfereji, ama kipande cha stika kimekwama chini kimeinua. Kama ni kipande toa, kama ni mfereji nunua mkanda mpya. Na ukishaubandika, jaribu kimraba kidogo: stika itoke bila kuvutana na karatasi ya nyuma ibaki na alama hafifu tu.