Wenzangu wanabishana 243 au 308, mi nichukue risasi gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi Mtanzania niko Columbus, Ohio, kwa viza ya kazi. Jamaa wa ofisini wamenialika kuwinda kulungu, wale wa mkia mweupe, sasa kila mtu ana lake, mmoja anasema chukua 243 haisumbui bega, mwingine 308, mzee mmoja yeye ni 30-06 tu eti ndo aliyotumia babake. Kuna aliyesema ataniazima ya kwake. Nifuate ya nani?
Msomaji wenu, Columbus

JIBU: Ndugu yangu, usifuate ya yeyote hapo. Hao nahisi wamezoea kuwinda jimbo lingine, maana hizo zote tatu Ohio haziruhusiwi kwa kulungu. Sio kwamba ni mbaya, 30-06 ilianza kama risasi ya jeshi la Marekani 1906 na imeshaangusha wanyama wakubwa kuliko kulungu, shida ni ganda lake. Tafuta picha ya risasi ya 308 uiangalie vizuri, ganda linakuja nene halafu linaminyika shingoni kama chupa ya soda, na 243 ya mwaka 1955 ni ganda lilelile la 308 wakalibana mdomo zaidi. Ohio wao wanataka ganda lililonyooka toka kitakoni mpaka mdomoni, walianza kuziruhusu 2014, kabla ya hapo kwa bunduki ndefu ilikua shotigani na gobole basi. Risasi za hivyo zinapoteza nguvu mapema, na kule mashamba na nyumba za watu zimechanganyika.

Kwa hiyo we angalia risasi ya 350 Legend, ganda lake limenyooka. Imetoka 2019, teke lake dogo, na mpaka yadi 150 inamaliza kazi vizuri tu, porini kwenye miti utapiga karibu zaidi ya hapo. 450 Bushmaster nayo ipo, ganda lake limenyooka pia, ina nguvu kweli, ila kwa mtu anayeanza itakufanya ufumbe macho kabla hujavuta kifyatulio, na ukishazoea kufumba macho hata uwe na kaliba gani utajeruhi mnyama bure. Ukishapata leseni, nunua zile za kichwa kinachopanuka kikiingia, za kijeshi zilizofunikwa shaba mpaka nchani zinatoboa na kupita. Lenga nyuma ya mguu wa mbele, chini kidogo ya katikati, ndo kwenye moyo na mapafu. Na usipakie zaidi ya tatu, sheria ya hapo hiyo.

Siku wakikualika Kentucky, jimbo jirani ng'ambo tu ya mto Ohio, 243 yao itafaa, yenye kichwa cha uzito wa grein 95 hivi au 100, mi ningemkubalia huyo wa kwanza. Mzee wa 30-06 mwache na urithi wake.

Sasa hiyo ya kuazimwa. Sheria ya Marekani nzima inamkataza mtu wa viza ya muda, ya kazi ikiwemo, kushika bunduki au risasi, ila mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa hukohuko anaruhusiwa. We fanya kozi ya uwindaji, kata leseni, muulize na wakili wako wa uhamiaji, msimu wenyewe wa bunduki unaanza Jumatatu baada ya Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani ya mwezi Novemba, kwa hiyo jipange mapema. Kabla ya leseni usishike bunduki wala risasi ya mtu, hata kwa kujifunza shabaha.