Kioo cha ndani ya mtungi kikibanduka: maswali yenu

Shikamoo fundi. Mtungi wetu mkubwa wa asidi una tabaka la kioo ndani. Spana imedondoka, pamebanduka kiasi cha ukucha. Tumalizie mwezi?

Marahaba. Hapana, simamisheni leo. Kioo hicho kina unene wa milimita 1 hadi 2 tu. Nyuma yake ni chuma cha kawaida. Kikombe cha bati kikibanduka unaona doa jeusi, kisha kutu, kisha tundu. Hapo ni chai tu. Asidi ya hidrokloriki ya moto haisubiri.

Kwa nini tusichomelee pale palipobanduka?

Kwa sababu kioo kile kilichomwa kiwandani kwenye tanuri, mtungi mzima, kwa joto la zaidi ya nyuzi 800. Ukichomelea sehemu moja, hata kwa nje, kioo kilicho upande wa pili kinapasuka.

Kidonda kidogo huzibwa kwa metali iitwayo tantalamu: unatoboa chuma, unakata hesi, unakaza bolti yenye kichwa kipana cha tantalamu juu ya gasketi ya tefloni. Madini yake ni koltani, inayochimbwa Kivu na Rwanda, kwa hiyo wasomaji wa Goma wanaifahamu kuliko mimi. Hidrokloriki haiiwezi, hata ikichemka. Ila msiitumie penye asidi ya hidrofloriki wala soda kostiki ya moto, hizo huila.

Tumeziba doa moja. Sasa kioo kinatoka magamba upande mwingine, na hakuna aliyepagonga.

Acheni kutazama ndani, nendeni nje. Swali hili ndilo linaloniuma zaidi, maana mitungi mingi hufa hivi huku mafundi wakilaumu kioo.

Niliwahi kufungua pamba ya kuzuia joto ya mtungi wa namna hiyo. Chini ya mdomo wa kuingilia pamba ilikuwa imelowa, na ukiiminya inatoa maji ya rangi ya kutu. Gasketi ya mdomo ilikuwa ikivuja tone kwa tone. Asidi ikila chuma kwa nje huzaa haidrojeni, nayo hupenya chuma chenyewe hadi nyuma ya kioo. Ikijaa pale inakisukuma, kinaruka vipande kama magamba ya samaki. Zibeni mavujo kwanza, la sivyo mtanunua tantalamu kila mwezi.

Je, mmewahi kuosha jaketi ya mvuke, lile ganda la nje linalopasha mtungi joto, kwa asidi ili kutoa ukoko wa chumvi? Madhara yake ni hayo hayo. Msirudie.

Gundi ya epoksi peke yake inatosha?

Kwa muda mfupi, sehemu ya juu isiyozama, wakati mnasubiri vipuri. Si zaidi.

Nani aingie kukagua?

Aliyepewa kibali, baada ya mtungi kutengwa na mabomba yote, kusafishwa, kupulizwa hewa na kupimwa: oksijeni isipungue asilimia 19.5, na gesi ya sumu isiwepo. Avae viatu vya soli laini, mifuko iwe mitupu, akanyage mkeka wa mpira. Apitishe kipima cheche, kifaa cha umeme cha kutafuta nyufa, polepole kila mahali, maana ufa usioonekana kwa jicho utatoa cheche. Na mlinzi wa mlangoni asitumwe popote, hata kuleta tochi, mpaka mwenzake atoke.